Aliyenifungia Gurudumu

Amani iwe kwenu, ndugu zangu, na kwa wageni waliopanda milima kuja kusali nasi leo hapa Gitega. Mchungaji ameniomba niwe mfupi. Asiogope. Maisha yangu yote nimekimbia mbio fupi za baiskeli, na nikishaanza sichelewi kumaliza. Ila nina ombi moja kabla sijafungua mdomo. Katika ushuhuda huu sitamtaja mtu kwa jina, na ninyi msinisaidie kumtaja. Nawajua. Nikisema "mtu mmoja", shingo zitaanza kugeuka huku na huku. Naomba shingo zitulie.

Na jambo jingine niliseme mapema, asije mtu akalia mwishoni kwamba nimemdanganya. Wengi husimama hapa na kusema walianguka, wakasamehe, Mungu akawainua. Mimi nilianguka kweli, na Mungu aliniinua kweli. Hilo la katikati mtalisikia lilivyokuwa.

Nilizaliwa kambini, kambi ya wakimbizi, upande wa Kigoma, Tanzania. Ndiyo maana Kiswahili changu kinawachekesha wengine mnaokaa kule nyuma. Tulirudi nyumbani, Mwakiro, Muyinga, mimi tayari msichana mkubwa, Mama hana mume tena kwa sababu Baba tulimzika kule. Tulirudi juu ya lori na magodoro, masufuria, kuku wawili watatu, na baiskeli ya Baba. Watu wa kilima chetu wakatuita Watanzania. Si tusi, lakini linategemea mtu analitamka na uso gani.

Mama akalima, mimi nikabeba ndizi. Nilikuwa nafunga mikungu kwenye ile baiskeli naipeleka Muyinga mjini. Msichana juu ya baiskeli ya mizigo! Wamama walishika viuno. Mzee mmoja alimwambia Mama kwamba sitaolewa, na Mama akamjibu kwamba ndizi nazo hazijaniomba niolewe.

Sasa nisikilizeni hapa, maana bila hapa hamtaelewa kule mbele. Njiani kulikuwa na bariyeri. Kamba imefungwa kutoka upande huu wa barabara hadi ule, polisi anaishusha akiridhika. Na waliiweka mahali pa kupanda. Ukiwa na mikungu mizito ukashuka hapo, baiskeli inakuelemea, na kuianzisha tena kupanda ni mateso. Kwa hiyo sisi wabeba ndizi hatukuwa tunashuka. Unapinda gurudumu la mbele kidogo, unakanyaga kidogo, unaiachia irudi kidogo, unakanyaga tena, na unasimama hivyo hivyo juu ya baiskeli bila kwenda popote mpaka kamba ishuke. Tuliufanya mchezo. Wa kwanza kuweka mguu chini ananunulia wengine soda. Wanaume waliponiona mara ya kwanza walisugua mikono, wakajua wamepata mtu wa kuwanywesha. Ndugu zangu, nawaambia, niliwanywea soda zao mpaka nikachoshwa na utamu.

Siku moja gari kutoka Gitega likazuiwa kwenye bariyeri ile ile. Ndani kulikuwa na kocha wa baiskeli. Alinitazama nimesimama na mikungu yangu, akashuka garini.

"Weye msichana," akaniambia, "nani alikufundisha kusimama hivo?"

"Ndizi," nikamjibu.

Alicheka, akanifuata hadi nyumbani. Akamweleza Mama kwamba Gitega kuna klabu, kuna wasichana wanakimbiza baiskeli kwenye uwanja wa mviringo, na kwamba kusimama kule kwangu ni kitu ambacho wengine wanakitafuta mwaka mzima hawakipati. Mama alisikiliza yote. Kisha akauliza swali moja, nani atamrudisha mtoto wake nyumbani akivunjika. Kocha akasema atanirudisha yeye mwenyewe. Mama akaitika. Hilo neno mliweke.

Uwanja wetu, kwa ambao hawajauona, ni wa udongo mwekundu, unazunguka kiwanja cha mpira, nje kidogo ya mji. Kingo za kona tuliziinua wenyewe kwa majembe, Jumamosi za kazi za pamoja. Baiskeli zenyewe hazina breki wala friwili. Maana yake ni hivi: gurudumu likizunguka, miguu lazima izunguke. Ukitaka kupunguza mwendo unasukuma pedali kinyume, unashindana nazo kwa mapaja. Siku ya kwanza nikafanya kosa la watu wote wa ndizi. Sisi tukimaliza kukanyaga tunapumzisha miguu, baiskeli iserereke yenyewe. Nikapumzisha. Ile baiskeli ikanirusha kama gunia. Klabu nzima ikaangua kicheko, isipokuwa msichana mmoja. Huyo alikuja, akanipa mkono, akanifuta vumbi.

Ndiye bingwa wa pale. Mzaliwa wa Gitega, miguu mirefu, mcheshi. Akanichukua chumbani kwake. Tulikula ugali na ndagala sahani moja, tulilala kitanda kimoja, shuka moja. Alinifundisha kila kitu. Jioni tulikuwa tunaendesha pamoja njia ya Buraza, yeye mbele akinikingia upepo, kisha mimi mbele nikimkingia yeye. Nikiumwa ananipikia uji. Nilimpenda kama ndugu yangu wa tumbo moja, na sioni aibu kulisema, maana kama nisingempenda nisingekuwa na kitu cha kuwasimulia.

Mbio zetu ni za watu wawili. Mtu asiyezijua anadhani ni kasi tu. Hapana. Wa mbele anapasua upepo, wa nyuma anapata kivuli, halafu dakika ya mwisho wa nyuma anachomoka anampita. Kwa hiyo hakuna anayetaka kuwa mbele. Mnaanza polepole kama watu wanaokwenda kuzika, kila mtu anamvizia mwenzake, mpaka mnasimama kabisa juu ya baiskeli mkitazamana. Kwenye klabu yetu anayeweka mguu chini ameshindwa. Mnaona sasa ndizi zilivyonifaa.

Na tulikuwa na desturi yetu, aliianzisha kocha. Kabla ya mbio, mtu hafungi gurudumu lake mwenyewe. Unafungiwa na yule unayekwenda kushindana naye, na wewe unamfungia la kwake. Mnaweka baiskeli miguu juu, mnapokezana spana, unakaza nati zake, pamoja na ile nati inayoshikilia gia ya nyuma, halafu unampiga bega, unamwambia "nimekufungia". Kocha alisema mkifanya hivyo hakuna atakayemlaumu mwenzake, na uadui utabaki uwanjani. Ilikuwa desturi nzuri. Bado ni nzuri. Kujifungia mwenyewe lilikuwa ni tusi, kama kukataa chakula cha mtu mbele ya wageni.

Bon. Ikaja habari ya mashindano ya nje, nchi ya kaskazini, kwenye uwanja wa mbao. Nafasi ya msichana ilikuwa moja. Fainali ikatukutanisha mimi na yeye. Tulikuwa tumeamka kitanda kimoja asubuhi hiyo. Nikamfungia gurudumu lake, na Mungu ni shahidi, nilikaza kwa upendo. Yeye akanifungia langu. Akanipiga bega. Akasema, "Nimekufungia, dada."

Nilimshinda. Nilichomoka nyuma yake kwenye kona ya mwisho, nikapita mstari niko peke yangu, watu wa Gitega wanapiga mayowe. Nikaanza kusukuma pedali kinyume ili nipunguze mwendo. Miguu ikazunguka bure. Ile nati ilikuwa imelegezwa, gia ikajifungua, na chini yangu hapakuwa na kitu cha kunizuia. Hiyo nati, ndugu zangu, haina kazi yoyote unapokanyaga kwenda mbele. Unaweza kushinda mbio nzima bila kujua imelegea. Utajua siku unapotaka kusimama. Aliyeilegeza alilijua hilo, kwa sababu ndiye aliyenifundisha mimi.

Niligonga mlingoti wa goli. Mfupa wa paja ukavunjika. Mshindi akapelekwa hospitali, wa pili akapewa tiketi ya ndege.

Nikiwa kitandani, mguu umening'inizwa, kocha akaja. Hakukaa. Alisimama mlangoni ameshika kofia.

"Mwenzako amesema ulikataa akufungie," akasema. "Amesema ulijifungia mwenyewe. Iko hivo ao siyo?"

Nikamwambia siyo. Nikamwambia nani alinifungia, na alinipiga bega gani, na alisema nini. Alitikisa kichwa.

"Weye na kiburi yako ya Tanzania," akasema, akaondoka.

Watu walikuwepo siku ile, lakini nani huangalia mikono ya wachezaji wakati wanajiandaa? Kila mtu aliamini alichokuwa tayari kukiamini. Msichana wa Mwakiro anayejifanya anajua Kiswahili kuliko wenyeji, hakutaka kufungiwa, amevuna kiburi chake. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga hawakukosea, ila hawakutuambia kwamba ukishaumwa, watu watakuja kuikagua nguo yako na kusema ni chafu.

Na yule aliyemwahidi Mama kwamba atanirudisha mwenyewe? Hakurudi. Aliyenirudisha Muyinga ni mzee mmoja wa duka la vipuri vya baiskeli mjini kule, Mwislamu, mababu zake walitoka India. Mama alikwenda dukani kwake kumlilia, na kwa kuwa alikuwa anakuja Gitega kuchukua mizigo yake, akatandika godoro kwenye pikapu kati ya matairi, akanilaza hapo. Njiani nilimweleza yote. Kisha akasema, "Binti, mimi nakuamini." Nililia kuliko nilivyolia mguu ulipovunjika.

Sasa nafika mahali ambapo Mchungaji angependa nipite haraka.

Nililala Mwakiro, nyumbani kwa Mama, nikitazama mabati. Siku moja redio ikaleta sauti yake. Alikuwa anahojiwa kabla ya kusafiri. Akasema mbio zile anakwenda kukimbia kwa ajili ya dada yake mpendwa aliyeumia, na kwamba ananibeba moyoni. Mama aliinuka kuizima redio. Nikamwomba aiache. Nilitaka kulisikia neno lile mpaka mwisho, nilimeze lote, likae tumboni.

Kuanzia siku hiyo nikaanza kuomba. Mguu haukukunjika, kwa hiyo niliomba nimekaa. Mnajua Maandiko yanasema kisasi ni cha nani. Nami nilimwambia Mungu, sawa, ni chako, ila naomba uniazime, nitakurudishia nikimaliza. Nikamwombea yule dada kwa jina lake. Nikasema, Bwana, usimuue. Usimvunje mguu. Mpe afya, mpe pumzi, mlinde barabarani, asiugue hata mafua. Niwekee akiwa mzima.

Mama alikuwa mlangoni anachambua maharage.

"Mwana wanje," akaniuliza, "hiyo ni sala gani?"

"Namwombea adui yangu, Mama. Si ndivyo tunavyofundishwa?"

Alinitazama, akarudia maharage yake. Hakunikataza. Mnaona alipo pale na kitenge cha kijani, anajifanya hasikii.

Mfupa uliunga vibaya kidogo, ndiyo maana natembea hivi. Lakini kwenye baiskeli mtu hachechemei. Nilianza na baiskeli ya Baba ikiwa tupu. Kisha mkungu mmoja. Kisha miwili. Mzee wa vipuri alikuwa ananipa matairi yaliyokaa sana dukani, na siku nilipofika mjini na mzigo kamili kama zamani, alinipa spana. Spana yangu mwenyewe, ile yenye ndoano ya kukazia nati ya gia. Akaniambia msafiri hategemei maji ya jirani. Kwenye bariyeri wale wabeba ndizi mwanzoni walinionea huruma, wakawa wanaweka mguu chini makusudi ili nipate soda. Nikawaambia atakayenihurumia tena nitamwagia hiyo soda kichwani. Wakaacha. Nikasimama pale nao, kila siku ya soko, paja linawaka moto, na kila nilipotaka kushusha mguu nililikumbuka lile neno la redioni.

Hasira ni chakula, ndugu zangu. Msinitolee macho. Wapo waliopona kwa dawa, wapo waliopona kwa nyimbo. Mimi nilipona kwa hasira, na nilikula nikashiba.

Nilipokuwa tayari nikarudi Gitega. Yeye alikuwa amesharudi kutoka kule kaskazini, alitolewa mapema, lakini hapa nyumbani bado ndiye bingwa. Kocha aliponiona na mguu wangu na spana yangu ikining'inia mkandani, akakosa pa kuweka macho. Mashindano yalikuwa wazi kwa wote, hakuweza kunizuia. Nikamtoa wa kwanza, nikamtoa wa pili. Jioni ikabaki fainali, na katika fainali mmeshajua nani.

Na desturi ni desturi. Tukaweka baiskeli miguu juu, mimi na yeye, hatujasemeshana tangu siku ile. Uwanja ulikuwa umejaa, na safari hii watu walikuwa wanatazama mikono.

Yeye alianza. Mikono ilimtetemeka, spana ikamponyoka mara moja. Alinifungia. Alipomaliza nilichomoa spana yangu ya Muyinga, nikakaza tena gurudumu langu mwenyewe mbele ya macho yake, polepole. Watu wakaguna, maana nimeshawaambia hilo ni tusi. Niliwaacha wagune. Mimi nilishaitwa mwenye kiburi zamani, jina hilo lilikuwa limeshanikaa, halikuwa na bei tena kwangu.

Halafu ikawa zamu yangu kumfungia yeye.

Ndugu zangu, mimi ni mtu wa nyama. Nati yake ilikuwa chini ya vidole vyangu. Robo ya mzunguko tu, hakuna ambaye angejua, na mlingoti wa goli ulikuwa pale pale. Mguu wangu uliuma wakati ule, nakumbuka, uliuma kama unanikumbusha. Nilitaka. Sitawadanganya ndani ya nyumba ya Mungu, nilitaka sana.

Lakini nilifikiri hivi. Akianguka leo, kesho yeye ndiye atakayekuwa kitandani, yeye ndiye atakayehurumiwa, na redio itamfuata huko. Mimi sikuomba miezi yote ile apewe afya ili nije kumpa huruma ya watu. Nilimtaka mzima. Nilimtaka asiwe na kisingizio hata cha ukubwa wa punje ya uwele. Kwa hiyo nilikaza. Nilikaza kwa nguvu zangu zote mpaka spana ikalia. Ila nilikuwa nimegeuza mgongo kidogo, yeye asione mkono wangu unazungukia upande gani.

Nikainuka, nikampiga bega.

"Nimekufungia," nikamwambia. "Kimbia bila wasiwasi."

Mngeona uso wake. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Na hakuweza kujikazia tena mwenyewe kama nilivyofanya mimi, kwa sababu ndiye aliyeiambia Gitega nzima kwamba anayejifungia mwenyewe ana kiburi. Alibaki na gurudumu alilofungiwa na mimi.

Tukapanda. Tukaanza polepole. Akawa mbele, mimi nyuma, nikamsindikiza hadi kwenye kona, nikapunguza. Yeye naye ilibidi apunguze, na kupunguza ni kusukuma pedali kinyume. Nilimwona anaigusa pedali kama mtu anayeonja uji wa moto. Nikasimama. Naye ikabidi asimame. Tukawa tumesimama juu ya baiskeli, anageuka kunitazama, mimi namtazama. Kusimama pale kunataka usukume kinyume kidogo, mbele kidogo, kinyume tena, na kila akisukuma kinyume alikuwa anasubiri nati ifunguke. Mimi nilikuwa nimesimama kwenye bariyeri ya Mwakiro na mikungu yangu. Ningeweza kukaa hapo mpaka mvua ije.

Aliweka mguu chini.

Na hapo, ndugu zangu, hapo ndipo Mungu aliponirudishia kila kitu. Hakutulia. Alishuka, akaipindua baiskeli pale pale katikati ya uwanja, akashika ile nati. Hakutazama mnyororo, hakutazama tairi wala usukani. Vidole vyake vilikwenda moja kwa moja kwenye nati ya gia, vikaizungusha, na haikuzunguka.

Kocha alikuja anatembea. Akachukua spana, akaijaribu ile nati mwenyewe. Imekaza. Akaijaribu tena. Akainua kichwa akamtazama, na watu wote waliokuwa kwenye kingo walisikia alichouliza.

"Sasa hapo weye ulikuwa unatafuta nini?"

Mtu ambaye hajawahi kulegeza nati ya mwenzake hajui kwamba ndiyo ya kuogopwa. Mzee mmoja kwenye ukingo akasema "yoo", taratibu tu, na nikasikia lile neno linapita kutoka mtu hadi mtu kuzunguka uwanja mzima. Niliambiwa na ulimwengu mzima nilete shahidi, nikamleta yeye mwenyewe.

Kocha akatangaza nimeshinda. Nikasema hapana, turudie. Sikutaka ushindi wa mguu chini. Tukarudia, na nikamwacha nyuma umbali ambao mama mwenye mtoto mgongoni angeweza kuvuka barabara bila kukimbia. Nilipopita mstari nilisukuma pedali kinyume, baiskeli ikatii, nikasimama nilipotaka kusimama.

Mengine mnayajua. Nilikwenda kwenye ule uwanja wa mbao, nikarudi na medali, na nchi hii imeniita bingwa misimu mingi. Watu huniuliza kama siku ile ya medali ndiyo siku tamu kuliko zote. Nawajibu kwa heshima kwamba medali ni nzuri. Lakini nikitaka kulala vizuri, huwa nakumbuka vile vidole kwenye nati.

Nimshukuru Mama, aliyenifundisha kuwajibu wazee. Nimshukuru mzee wa vipuri, ambaye hawezi kuja humu leo lakini nitampelekea salamu zenu, maana aliniamini kabla ya Wakristo wote. Niwashukuru wabeba ndizi wa Mwakiro, kwa soda zao bado wananidai shukrani. Nimshukuru na kocha pia. Alikuja Mwakiro mwenyewe, akapiga magoti kwenye ua wa Mama, akasema alivunja ahadi. Mama alimwacha amepiga magoti mpaka maharage yalipoiva, kisha akampakulia. Kocha alitaka pia kuifuta ile desturi ya kufungiana. Nilikataa. Wasichana ninaowafundisha sasa wanafungiana, kila mmoja na mpinzani wake, na nawaambia kwa nini.

Somo langu ni dogo. Mkitendewa ubaya, msilegeze nati ya mtu. Si kwa sababu ninyi ni wema. Kazeni, mkae kimya, mkasimame naye uwanjani. Aliyetenda anaijua nati yake, na mkono wake mwenyewe utaifuata mbele za watu.

Na sasa neno la mwisho, Mchungaji, nakaa. Yule dada alihama, akaishi Bukirasazi muda mrefu. Amerudi. Alimtuma Mchungaji kwangu amwombee msamaha, na ndiyo maana nimepewa nafasi hii, mlidhani nimesimama hivi hivi? Nimeambiwa leo yuko humu ndani. Nimesema msigeuke. Mama, na wewe.

Dada, nilikuambia siku ile ukimbie bila wasiwasi, na lilikuwa neno la kweli kuliko lile lako. Leo nalirudia. Jumamosi tuna mazoezi, uwanja ni ule ule, tumeinua kingo zaidi. Njoo. Gurudumu lako nitalifunga mimi, na nitalikaza, kila mara, mpaka uache kutetemeka. Kuhusu msamaha, kanisa lizidi kuniombea, na hapo nitakapokuwa nimefika utajua, kwa sababu nitakupa spana.

Kwa sasa, langu bado nalifunga mwenyewe.